Somo la Tarekh: Kilwa Kisiwani, Mji Uliojua Kutumia Mali



Katika jarida la mwaka huu tumechagua somo la Tarekh lisilohusu Makka wala Baghdad, bali mji uliomo ndani ya nchi yetu hii ya Tanzania. Sababu ni swali linalorudi darasani kila mwaka, hasa kutoka kwa vijana wanaosoma sekondari. Wanasoma kwamba huko Italia palikuwa na mji wa Florence, matajiri wake wakatoa fedha, na waashi, wachoraji na wajuzi wa hesabu wakafanya kazi zilizoushangaza ulimwengu. Kisha wanatuuliza: Na sisi je? Wakati huo wazee wetu walikuwa wapi? Wengine huja na jibu walilokwisha kupewa mitaani, kwamba Mwafrika hakujenga chochote, na kwamba Uislamu uliletwa na wageni waliojenga kila kitu kisha wakaondoka. Jibu hilo si la kweli, na mji wa Kilwa ni shahidi wetu.

UPEPO NA DHAHABU

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo katika mkoa wa Lindi, mkabala na mji wa Kilwa Masoko. Mwanafunzi wa Kibara asidhani ni karibu. Sisi tuko ukingoni mwa Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria, na wao wako Bahari ya Hindi, upande wa pili kabisa wa nchi. Lakini mtoto aliyekulia kati ya mitumbwi, anayejua kwamba mvuvi hatoki mpaka autazame upepo, ataielewa Kilwa upesi, kwani utajiri wake ulianza na upepo.

Kuanzia Desemba hadi Machi hivi huvuma kaskazi, unaosukuma vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Kuanzia Aprili upepo hugeuka kuwa kusi, nao huvirudisha. Mfanyabiashara aliyetoka huko aliweza kufika Kilwa na kurudi kwao kabla mwaka haujaisha. Kwenda mbali zaidi, hadi Sofala iliyoko Msumbiji ya leo, ilikuwa taabu, kwani upepo wa msimu mmoja haukumtosha kwenda na kurudi. Hapo ndipo Kilwa ilipopata riziki yake. Sofala ilikuwa bandari ya dhahabu iliyochimbwa bara, katika nyanda za Zimbabwe. Watu wa Kilwa waliishika biashara ya Sofala, wakaileta dhahabu na pembe za ndovu kisiwani kwao, na wageni wakaja kununua hapo kwa nguo, shanga za kioo na vyombo vya kauri kutoka China na Uajemi. Kila mzigo ulilipiwa ushuru, na hazina ya Sultani ikajaa.

Kupata mali peke yake si jambo la kulifanyia somo. Matajiri wako wengi katika historia ambao hatuna hata jina lao. La kuzingatia ni kwamba mali ya Kilwa iligeuzwa kuwa msikiti, kasri, sarafu, elimu na ukarimu, vitu ambavyo bado tunavizungumza leo, baada ya miaka karibu mia saba.

SULTANI ALIYEITWA BABA WA VIPAJI

Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta kwamba watu waliishi kisiwani tangu karne ya 9 hivi. Walikuwa wavuvi na wafua chuma, wakitumia vyungu vya aina moja na watu wengine wa pwani yetu. Iko pia Tarekh ya Kilwa, Kitab al-Sulwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16. Humo imo hadithi ya wageni wa Shirazi walionunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka chote. Wanafunzi wadogo huipenda sana hadithi hii, nasi tunaisimulia kama ilivyo, yaani masimulizi ya wazee.

Mji ulifikia kilele chake mwanzoni mwa karne ya 14, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Tarekh hiyo inasema kwamba akiwa bado kijana alisafiri kwenda kuhiji, na njiani akakaa Aden miaka miwili akisoma. Ndugu mwanafunzi, zingatia hapo: mtoto wa ukoo wa kifalme, mwenye dhahabu nyumbani, anakaa miaka miwili ugenini mbele ya walimu. Aliporudi na kushika utawala, alirudi na macho yaliyoona miji mingine, na jambo hilo linaonekana katika majengo yake.

Mwaka 1331 Miladia alifika Kilwa msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, Morocco, akitokea Mogadishu na Mombasa. Alikuwa ameona Misri, Sham, Hijaz na Iraq, lakini aliihesabu Kilwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Ameeleza kwamba watu wake walifuata madhehebu ya Imam Shafii, kama sisi hapa. Sultani akamsifu kwa unyenyekevu: alikaa na mafakiri, akala pamoja nao, na akawaheshimu watu wa dini. Kwa ukarimu wake watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji.

Kisa alichokishuhudia Ibn Battuta ni hiki. Siku ya Ijumaa, Sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakukasirika. Aliingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akampa zile. Watu wakamshukuru sana. Baadaye mtoto wa Sultani akazichukua nguo zile kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake, na Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi akamwongezea watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe.

Hatuwezi kukipita kisa hicho kama vile hatukuona kitu. Katika zawadi ile walikuwamo wanadamu ishirini, nao ni hakika walikuwa na mama zao na vijiji vyao. Ibn Battuta ameeleza pia kwamba Sultani alikuwa akifanya mashambulizi katika nchi za jirani zisizo za Kiislamu na kuchukua ngawira. Dini yetu imehimiza sana kuacha huru watumwa, na mwanafunzi anayesoma Tarekh asome yote, ya kufurahisha na ya kuumiza. Aliyemfuata katika utawala, ndugu yake Dawud, anatajwa na Ibn Battuta kuwa kinyume chake, hakuwa mtoaji. Mwombaji alipomjia aliambiwa kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa.

MAWE KUTOKA BAHARINI

Sasa tuingie katika ufundi. Hapa kwetu mawe ni mengi mno, tena magumu, hata watoto huyapanda kuchezea. Kilwa hawakuwa na mawe ya aina hii. Walichokuwa nacho ni matumbawe ya bahari, na waliyasoma kwa makini mpaka wakajua siri yake. Tumbawe likikatwa bichi kutoka majini ni laini, huchongeka kwa urahisi. Likiachwa hewani likauke, huwa gumu. Basi mafundi walilikata likingali laini, wakalichonga mihrabu, mizingo ya milango na nakshi, kisha wakaliacha likakamae. Kuta za kawaida walizijenga kwa vipande vya tumbawe la nchi kavu. Na chokaa yao walipata wapi? Humohumo katika matumbawe. Waliyapanga juu ya rundo kubwa la magogo, wakayachoma mpaka yakawa unga, wakautia maji na kuuacha ulale muda mrefu kabla ya kuutumia. Hii ndiyo kemia tunayoambiwa hatukuwahi kuwa nayo.

Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Mti wa mkoko ni mgumu na haupendwi na mchwa, lakini hauna urefu mkubwa, kwa hiyo chumba cha nyumba ya pwani hakikuweza kuzidi upana wa mita tatu hivi. Ukiona vyumba vya zamani vya pwani ni virefu na vyembamba, usidhani hawakujua kupima. Boriti ndizo zilizowapimia.

Aliyetaka ukumbi mpana ilimbidi atafute njia nyingine, na njia hiyo ni tao na kuba. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulijengwa kwanza katika karne ya 11 au ya 12, ukiwa mdogo. Al-Hasan bin Sulaiman akaupanua mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali kwa upande wa kusini, juu ya nguzo zilizochongwa kila moja kutoka kipande kimoja cha tumbawe, akajenga na chumba chenye kuba ambalo wataalamu wanasema halikupata mshindani Afrika Mashariki mpaka karne ya 19. Pembeni palikuwa na kisima na birika la kutawadhia.

Upanuzi ule ukaanguka. Tarekh ya Kilwa inasema watu wakawa wanaswali chini ya mahema na vibanda, na hali hiyo ikadumu miaka mingi, mpaka mwanzoni mwa karne ya 15, wakati wa Sultani Sulaiman bin Muhammad, aliyeitwa al-Malik al-Adil. Akatokea haji mmoja akaomba ruhusa ya kuujenga upya kwa mali yake mwenyewe. Sultani akampa mithkali elfu moja za dhahabu ili naye awe na sehemu. Yule haji alizipokea kwa kuchelea kunyimwa ruhusa, lakini hakuzigusa. Akajenga kwa mali yake, na Sultani alipofariki akazirudisha dhahabu zote kwa warithi. Wazazi waliowahi kushika daftari la michango ya msikiti watajua kwa nini tumekipa kisa hiki nafasi.

Mafundi wa mara ya pili hawakurudia ujenzi wa kwanza. Badala ya nguzo za kipande kimoja walisimamisha nguzo zilizojengwa kwa mawe na chokaa, na juu yake wakaweka matao, makuba na dari za mviringo zilizogawanya uzito. Nguzo hizo zimesimama hadi leo, na makuba kadhaa yangalipo. Karibu miaka hiyohiyo, kule Florence, Brunelleschi alikuwa akipandisha kuba la kanisa kuu la mji, kazi iliyoanza mwaka 1420 na kukamilika 1436. Hatusemi kwamba makuba hayo yalilingana kwa ukubwa, la. La Florence lilikuwa kubwa mno. Tunachosema ni kwamba mafundi wa miji yote miwili walikuwa wakipambana na swali moja, yaani namna ya kufunika nafasi pana bila ya paa kuwaangukia watu, na kila upande ulilijibu kwa vifaa vilivyokuwa karibu yake.

Nje ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari, al-Hasan alijenga kasri linaloitwa Husuni Kubwa. Lina vyumba zaidi ya mia moja, nyua, maghala na birika la kuogelea lenye pembe nane. Jiwe lililopatikana humo lina jina lake. Jengo lenyewe halikukamilika kabisa. Tukiulizwa maoni yetu, fahari ya Sultani huyu ni msikiti wake kuliko kasri, kwani katika msikiti mvuvi naye aliingia. Tukumbuke kwamba wakazi wengi waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti, na Ibn Battuta anataja nyumba za miti tu.

SARAFU, PAMBA NA NYOTA

Kilwa ilipiga fedha zake yenyewe, jambo lililokuwa adimu sana kusini mwa Jangwa la Sahara. Ni vijisarafu vidogo vya shaba, na vimeokotwa kwa maelfu. Upande mmoja una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, upande wa pili una jina la Sultani, na pande hizo mbili zimepangwa ziwe na vina. Yaani mtu akienda sokoni kununua samaki alikuwa na beti mfukoni! Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, bara kabisa. Nyingine zinazohesabiwa kuwa za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Zimejulikana pia sarafu tatu za dhahabu za Sultani huyohuyo.

Sisi tunaotoka katika nchi ya wakulima wa pamba tutafurahi kujua kwamba Kilwa nao walisokota. Katika magofu yamepatikana vidude vya udongo vyenye tundu katikati, vilivyotumika kusokotea uzi. Hans Mayr, Mjerumani aliyefika na meli za Wareno mwaka 1505, ameandika kwamba kisiwani palilimwa pamba nzuri, na pia palikuwa na bustani zilizomwagiliwa maji ya visima. Alipouona Msikiti Mkuu aliufananisha na ule wa Cordoba. Huyo si mwenzetu katika dini, tena alikuja na jeshi, lakini macho yake hayakuweza kukana alichokiona. Katika msikiti mwingine mdogo wa makuba mafundi walipachika bakuli za kauri darini, zikawa pambo.

Ujuzi wa bahari ulikuwa elimu kamili. Vyombo vya mtepe vilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari. Usiku waongozaji walipima kimo cha nyota kwa vidole, na kipimo hicho kiliitwa isba, yaani kidole. Mwana wa bahari Ahmad bin Majid, wa Julfar katika Ghuba ya Uajemi, alitunga katika karne ya 15 shairi refu liitwalo al-Sufaliyya kuwafunza watu njia ya kwenda Sofala, na Kilwa imo katika njia hiyo. Aliyeongoza chombo kwa elimu hiyo aliitwa muallim, jina lilelile la anayekufundisheni Juzuu Amma.

NANI ALIIJENGA?

Turudi kwenye lile jibu la mitaani. Ibn Battuta alisema wazi kwamba wengi wa wakazi wa Kilwa walikuwa watu weusi sana, wenye chale nyusoni. Mwaka 2023 watafiti walitangaza matokeo ya kuchunguza mabaki ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Walikuta kwamba kwa wengi zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu nyingine imetoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Basi wazee waliposema kuna damu ya Uajemi hawakusema uongo, na anayesema kwamba mji ulikuwa wa wageni watupu amekosea. Mama zao walikuwa wa hapahapa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha Amir Ibrahim kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ikapelekwa Lisbon, na mwaka 1506 sonara Gil Vicente akaimalizia kuifanya chombo cha ibada cha kanisa, kinachojulikana kwa jina la Belém. Chombo hicho kiko hadi leo katika jumba la makumbusho la mji huo, na watu husafiri kwenda kukitazama kama kazi bora ya sanaa ya Ulaya ya zama zile. Mwanafunzi aliyeuliza wazee wetu walikuwa wapi aanzie hapo: dhahabu yenyewe ilitoka mikononi mwao.

Julai 1505 Francisco de Almeida aliuvamia mji, ukaporwa. Wareno wakajenga ngome, kisha wakaondoka mwaka 1512, lakini biashara ya Sofala ilikuwa imekwisha kukatwa, na mji haukurudi ulivyokuwa. Katika karne ya 18 ulifufuka kwa muda, safari hii kwa pembe na kwa biashara mbaya ya watumwa. Hata hivyo kalamu haikukauka. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa Goa, India. Ziliandikwa kwa herufi hizihizi mnazochora kwenye mbao zenu kila alasiri.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitangazwa kuwa hatarini, kwani mawimbi yalikuwa yakila ufuo na kuta zikianguka. Baada ya kazi ya kuyakarabati, yakaondolewa katika orodha ya hatari mwaka 2014.

ZOEZI KWA MADARASA YA JUU

Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini chumba cha boriti za mikoko hakikuweza kuwa kipana, na jinsi tao linavyoliondoa tatizo hilo. Ukiweza, jenga tao dogo kwa vipande vya matofali na udongo, ulete darasani. Kisha chora ramani ya njia ya dhahabu kutoka Zimbabwe hadi Lisbon, uweke mwaka panapojulikana. Swali la mwisho mjadiliane na wazazi nyumbani: yule haji alipokea mithkali elfu moja kwa Sultani hali amenuia kuzirudisha. Je, alifanya sawa kumnyamazia?